Kibanda Kimevunjwa Kwenye Kampeni? Usiambiwe "Hizo ni Siasa Tu"

Msafara wa mgombea umepita sokoni, vijana wa mpinzani wake wameurushia mawe, na kibanda chako cha mboga kimegeuka kuni. Kituoni, afisa wa zamu anakuambia, "Mama, hizo ni siasa tu." Usirudi nyumbani. Kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinatoa kifungo cha hadi miaka 5 kwa anayeharibu mali kwa makusudi, wala hakiulizi alikuwa amevaa fulana ya chama gani.

Shikilia ripoti iandikwe, uondoke na namba ya OB, kitabu cha matukio cha kituo. Wakikataa, muone OCS, mkuu wa kituo. Naye akikupuuza, peleka malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. Kama umeumia, omba polisi fomu ya majeraha ya P3, ambayo ni ya bure, daktari aijaze kabla majeraha hayajapona. Piga picha kabla ya kufagia. Andika majina ya walioona, na waliona nini hasa. Kesi za vurugu za umati hufia hapa: soko zima liliona mawe, hakuna aliyeona mkono.

Na si mkono peke yake unaotafutwa. Kifungu cha 20 cha Kanuni hiyo hiyo ya Adhabu kinamhesabu mkosaji hata yule aliyewachochea au kuwatuma wengine, kwa hiyo mheshimiwa aliyekodi wahuni asijione salama ndani ya gari la vioo vyeusi. Vitisho vikilenga kukulazimisha upige kura fulani, au usipige kabisa, Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inaongeza faini ya hadi shilingi milioni 2, kifungo cha hadi miaka 6, au vyote viwili.

Kuchana mabango ya mpinzani nako kunavunja kanuni za maadili ya uchaguzi. Lalamiko hilo lipeleke kwa tume ya uchaguzi, IEBC, ambayo inaweza kumtoza mgombea faini au kumzuia kufanya kampeni eneo fulani.

Kijana wako akikamatwa katika vurugu hizo, bado ana haki ya kunyamaza na ya kufikishwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti baada ya hapo.

Kisha atakuja mtu na bahasha ya "pole", akitaka myamalize nyumbani. Usitie saini karatasi ambayo hujaisoma au kusomewa. Sheria ya kuwalinda waathiriwa ya 2014 inakuruhusu kuomba fidia mbele ya hakimu. Na mashtaka yakishafika kortini, anayeweza kuyaondoa ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, tena kwa idhini ya korti, si meneja wa kampeni.