Bati Linapopata Baridi

Julai mwaka jana nilikuwa fildi Njombe, nafundisha kemia Kidato cha Nne. Mada ilikuwa alotropi: almasi na grafaiti, kaboni ile ile, mpangilio tofauti. Nikaona darasa linasinzia, nikawatupia kisa cha Napoleon. Urusi, mwaka 1812, vifungo vya bati vya askari wake vikageuka unga kwa baridi na makoti hayafungiki. Darasa likaamka. Nikajiona mwalimu kweli kweli.

Binti mmoja akanyoosha mkono. "Mwalimu, inaanzia nyuzi ngapi?"

"13.2 za Selsiasi."

"Mbona hapa usiku inashuka chini ya hapo, na bati za darasa hazijawa unga?"

Nikasema tutalirudia kipindi kijacho. Wenzangu wa elimu mnaijua hiyo sentensi.

Usiku nikasoma. Kwanza, bati la paa si bati: ni chuma kilichopakwa zinki, ila Kiswahili chetu kimevipa jina moja. Bati lenyewe ni ile metali laini inayopakwa kwenye makopo ya chakula na kutiwa kwenye lehemu ya fundi redio.

Pili, 13.2 ni mpaka tu. Juu yake atomi za bati zimebanana, na metali inang'aa. Chini yake mpangilio wenye nafuu ya nishati ni ule wa almasi: kila atomi inashika jirani wanne, katikati panabaki uwazi mwingi. Sentimita moja ya ujazo iliyokuwa na gramu 7.3 sasa ina 5.8 hivi. Maana yake bati linavimba kwa zaidi ya robo, na kwa kuwa bati la kijivu ni kavu, halipindiki, linapasuka na kumomonyoka. Hakuna kutu hapo, wala oksijeni haihusiki. (Mimi darasani nilisema "linaoza." Mnisamehe.)

Lakini karibu na 13.2 jambo hili halianzi kirahisi. Kasi yake hupanda kwenye nyuzi 30 au 40 chini ya sifuri, na hata huko linaweza kuchukua miezi. Risasi kidogo ikichanganywa, linazuilika. Likishaanza, chembe ya kijivu huambukiza sehemu inayogusana nayo. Ushahidi wa kweli upo Zeitz, Ujerumani: mwaka 1851 Erdmann alieleza mabomba ya kinanda cha kanisa yaliyoharibika hivyo. Mabomba yale yalikaa baridi nyingi. Askari wa Napoleon walikuwa na wiki chache tu, ndiyo maana wanakemia wengi hawakiamini kile kisa.

Kipindi kilichofuata nilianza kwa kukifuta. Darasa likaguna, walikuwa wamekipenda. Yule binti akauliza tena: unga ukipata joto, unarudi kuwa kifungo?

Atomi zinarudi kwenye mpangilio wa mwanzo, nikamwambia, lakini punje haziungani. Mpaka uyayushe, nyuzi 232.

Hilo nilikuwa nimelisoma.