Sheria Huuliza: Ulifanya Nini?



Katika masomo yaliyopita mmejifunza amri ya tano, inayotukataza kuua, na amri ya nane, inayotukataza kushuhudia uongo. Wengine hudhani ya kuwa amri hizi mbili hazina ujamaa. Leo tutaona ya kuwa ni ndugu wa tumbo moja, na ya kuwa sisi watu wa Ituri tuna sababu kubwa ya kuzishika pamoja.

1. Haki ni nini?

Haki ni fadhila ituongozayo kumpa Mungu yaliyo yake, na kumpa kila mtu yaliyo yake. Mtu ameumbwa kwa sura ya Mungu. Kwa hiyo uhai wake, jina lake jema, shamba lake, na kusikilizwa kwake anaposhtakiwa, vyote ni stahili yake. Papa Yohane wa 23 aliwakumbusha watu wote neno hilo katika barua yake juu ya amani, tarehe 11 Aprili 1963.

Basi, sheria za nchi zina kazi gani? Tazameni boma la ng'ombe. Boma halizai ng'ombe, lakini bila boma fisi hula ndama. Vivyo hivyo sheria haizai stahili za mtu, bali huzilinda. Katiba ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inasema ya kuwa mwanadamu ni mtakatifu (kifungu cha 16), ya kuwa Wakongomani wote ni sawa mbele ya sheria (kifungu cha 12), na ya kuwa mshtakiwa huhesabiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho imthibitishe kuwa nalo (kifungu cha 17).

2. Kisasi huuliza nini, na sheria huuliza nini?

Kisasi humwuliza mtu: Wewe ni mwana wa nani? Wewe ni wa kabila gani? Akiisha kujibu, shauri limekwisha. Sheria huuliza mengine: Wewe mwenyewe ulifanya nini? Nani aliona? Nawe una neno gani la kujitetea?

Katika vita vilivyoanza hapa kwetu mwaka 1999, wengi waliuawa kwa sababu ya kabila lao tu. Mtoto mchanga alilipishwa deni asilolikopa. Lakini Mungu alikwisha kutufundisha kwa kinywa cha nabii Ezekieli, katika sura ya 18, ya kuwa mwana hachukui kosa la baba yake, wala baba hachukui kosa la mwanawe. Siku ya mwisho Mungu hatatuhukumu kabila kwa kabila. Kila mmoja atajibu kwa matendo yake.

3. Mfano wa Bogoro

Kijiji cha Bogoro kiko kando ya njia itokayo Bunia kwenda Kasenyi, ziwani. Tarehe 24 Februari 2003, alfajiri, kilivamiwa. Palikuwa na kambi ya askari kijijini, lakini waliovamia hawakuwabagua askari na raia. Wanawake, wazee na watoto waliuawa, nyumba zilichomwa, mali ilitekwa.

Mwaka 2004 serikali ya Kongo iliipelekea Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko La Haye katika Uholanzi, mashauri ya uovu wa vita hivyo. Watu wawili, Germain Katanga na Mathieu Ngudjolo, walishtakiwa kwa shambulio hilo la Bogoro. Mashahidi walisikilizwa, na wao wenyewe walipewa nafasi ya kujitetea. Mwezi wa Januari 2012 mahakimu walikuja mpaka Ituri, waone kwa macho yao mahali palipotajwa.

Hukumu zikawaje? Tarehe 18 Desemba 2012 Ngudjolo aliachiliwa. Mahakimu waliona ya kuwa mashahidi wakuu wa mashtaka hawakuweza kutegemewa, nayo mashaka yakabaki. Walieleza wazi ya kuwa kumwachilia mtu kwa kukosa ushuhuda wa kutosha si kusema ya kwamba uovu haukutendeka. Tarehe 7 Machi 2014 Katanga alionekana ana hatia ya kuusaidia uovu huo, hasa kwa silaha zilizopelekwa kwa washambulizi. Lakini katika baadhi ya mashtaka hata yeye hakuonekana ana hatia. Akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Shambulio moja, washtakiwa wawili, hukumu mbili. Kisasi kisingaliweza kufanya hivyo; kingaliwatupa wote katika shimo moja. Wala msidhani ya kuwa upande mmoja tu ndio uliohukumiwa. Thomas Lubanga, mkubwa wa jeshi la upande mwingine, alionekana ana hatia tarehe 14 Machi 2012, kwa kuwatia jeshini watoto wenye umri chini ya miaka 15. Bosco Ntaganda, aliyekuwa pamoja naye, alihukumiwa kifungo cha miaka 30 mwaka 2019.

Nao waliolia walikumbukwa. Tarehe 24 Machi 2017 mahakama iliwatambua watu 297 walioumizwa na shambulio la Bogoro. Kila mmoja aliwekewa dola 250 kama alama tu, maana hakuna fedha ya kulipa uhai wa mtu. Tena iliamriwa wasaidiwe katika nyumba, masomo, kazi na faraja ya moyo.

Sasa mwaona ujamaa wa amri zile mbili. Ushuhuda usiotegemeka humfungia mlango mwenye kilio. Anayeongeza neno asiloliona, hata kwa nia ya kumsaidia ndugu yake, aibomoa haki ya ndugu huyo.

4. Tukisamehe, twahitaji sheria tena?

Bwana Wetu ametuamuru kusamehe. Lakini kusamehe ni kutoa chuki moyoni; si kuharibu kazi ya mwamuzi. Tarehe 13 Mei 1981 Papa Yohane Paulo wa 2 alipigwa risasi. Mwaka 1983, siku mbili baada ya Noeli, alikwenda gerezani, akaketi karibu na yule aliyetaka kumwua, akazungumza naye kama mtu aliyekwisha kumsamehe. Hata hivyo mtu huyo alibaki gerezani miaka mingi. Msamaha uliponya moyo. Sheria iliwalinda watu.

5. Neno gumu

Mtasema: "Mwalimu, baraza li mbali, na mwenye fedha husikilizwa kwanza." Ni kweli, mara nyingi huwa hivyo, wala hatutaficha. Mwamuzi anayeuza hukumu amkosea Mungu, tena ni mwizi kuliko yule aliyeiba kuku. Lakini dhambi ya mwamuzi haiwezi kufanya dhambi yangu kuwa haki. Nikimpiga jirani yangu kwa sababu baraza limechelewa, wenye kudhulumiwa wamekuwa wawili.

Tena mtu akikuamuru kutenda uovu ulio wazi, kuchoma nyumba au kuua, usitii, hata akiwa mkubwa wako. Kifungu cha 28 cha Katiba chasema ya kuwa hakuna anayelazimika kutimiza amri iliyo kinyume cha sheria waziwazi. Dhamiri ya Mkristo ilikwisha kusema hivyo kabla.

6. Ya kushika wiki hii

Kwanza: mwizi akikamatwa sokoni, usitupe jiwe wala usichukue moto. Mpeleke kwa wenye mamlaka, akiwa mzima.

Pili: ukiitwa kushuhudia, sema uliloliona, usiloliona, sema hukuliona.

Tatu: usimwambie mtoto wako, "Watu wale ndivyo walivyo." Taja kosa la mtu mmoja, wala usilifanye kosa la ukoo wake.

Maswali

Haki ni nini?
Kisasi huuliza nini, na sheria huuliza nini?
Kwa nini washtakiwa wawili wa Bogoro hawakupata hukumu moja?
Je, aliyesamehe aweza kupeleka shauri lake barazani? Eleza.

Sala

Ee Mungu, Mwamuzi wa kweli, wewe wamjua kila mtu kwa jina lake. Utuondolee kiu ya kisasi. Utie kweli katika vinywa vya mashahidi, na hofu yako katika mioyo ya waamuzi. Uwapumzishe wafu wetu wa pande zote, uwafariji waliobaki, utupe amani katika Ituri. Kwa Kristo Bwana Wetu. Amina.