UMBALI WA ANGA NA MUDA WA SAFARI: DAR ES SALAAM HADI MWANZA

Mwanafunzi aliyepewa umbali baina ya viwanja viwili vya ndege, pamoja na kasi ya ndege, hugawanya umbali kwa kasi na kudhani kwamba hesabu imekwisha. Katika makala haya tutaonyesha kwa nini umbali ule ule waweza kudai muda mmoja wakati wa kwenda na mwingine wakati wa kurudi.

Umbali

Kiwanja cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, kipo latitudo 6°53′ Kusini, longitudo 39°12′ Mashariki. Kiwanja cha Mwanza kipo 2°27′ Kusini, 32°56′ Mashariki. Basi tofauti ya latitudo ni dakika 266, na ya longitudo ni dakika 376.

Dakika moja ya latitudo juu ya uso wa dunia ni takriban maili moja ya bahari, yaani kilomita 1.852. Dakika ya longitudo hufupika kadiri tunavyoiacha Ikweta, lakini katika eneo hili upungufu huo ni mdogo mno. Kwa hiyo kanuni ya Pythagoras yatosha: kipeuo cha pili cha 266² + 376² ni kama 461. Tukizidisha kwa 1.852 twapata takriban kilomita 850. Kwa safari ndefu, kama ya Dar es Salaam hadi London, njia hii haifai. Hapo sharti tupime duara kuu la tufe.

Muda

Tuchukue ndege iendayo kilomita 500 kwa saa katika hewa tulivu. Kwenda ni dakika 102, na kurudi 102, jumla 204.

Sasa tuseme upepo wa kilomita 100 kwa saa unavuma kuelekea Mwanza. Wakati wa kwenda, kasi juu ya ardhi ni 600, na muda ni dakika 85. Wakati wa kurudi kasi ni 400 tu, na muda ni dakika 127.5. Jumla ni dakika 212.5.

Wengi hutarajia kwamba faida na hasara zitafutana. Hazifutani, kwa sababu ndege hukaa muda mrefu zaidi katika upepo unaoipinga kuliko katika ule unaoisukuma. Upepo ukifikia kasi ya ndege yenyewe, ndege haitarudi kamwe.

Jambo hili si mchezo wa namba. Injini hula mafuta kwa muda ikaao hewani. Rubani anayepima mafuta kwa umbali peke yake aweza kupungukiwa angali angani. Ndiyo maana upepo huhesabiwa kabla ya kuruka, na mafuta ya akiba huongezwa juu yake.

Zoezi

Rudia hesabu hizi kwa upepo wa kilomita 50 kwa saa. Je, upepo ukipungua nusu, muda uliopotea nao hupungua nusu? Eleza.