Heroe na Chaza: Wachujaji Wawili wa Maji ya Pwani

Mahali Mto Sabaki unapoingia baharini, kaskazini mwa Malindi, wakazi huona heroe, ndege wa rangi ya waridi mwenye miguu mirefu ambaye wengi humwita flamingo. Maji yakipwa, kwenye miamba na mizizi ya mikoko huonekana chaza. Mmoja huruka, mwingine hatoki alipo. Hata hivyo, wote wawili hupata chakula kwa kuchuja maji.

Wanavyokula

Heroe mdogo huinamisha kichwa mpaka mdomo ukae juu chini majini. Ulimi wake huvuta na kusukuma maji kwa kasi, na vinyweleo vilivyo ndani ya mdomo hunasa mwani mdogo mno. Chakula hicho ndicho kinachompa rangi yake. Chaza naye hufungua kombe lake maji yakijaa, na matamvua yake hunasa chembe za chakula. Maji yakipwa, hujifunga.

Wanavyozaana

Heroe hutaga yai moja juu ya kichuguu cha tope. Chaza jike hutoa mayai mamilioni, na mengi huishia kuliwa. Mtoto wa chaza huelea kwa wiki kadhaa, kisha hujigandisha mahali pagumu na kukaa hapo maisha yake yote.

Tofauti iliyo muhimu kwa mlaji

Maji yakichafuka, heroe huweza kuhama. Chaza hana pa kwenda. Huendelea kuchuja, na vijidudu vya majitaka pamoja na madini yenye sumu hukusanyika mwilini mwake. Moto mkali huua vijidudu, lakini hauondoi madini hayo wala sumu inayotokana na aina fulani za mwani. Kwa hivyo, usalama wa chaza huanzia kwenye maji, si jikoni.

Wakazi wanashauriwa:

• Wasiokote chaza karibu na mitaro ya majitaka au mara baada ya mvua kubwa.
• Wapike chaza hadi waive kabisa.
• Wasile chaza aliyeachama ambaye hajifungi akiguswa.
• Wasikate mikoko, kwa kuwa mizizi yake ni makao ya chaza.
• Wasitupe taka mtoni, kwani mto huzifikisha baharini.