Kumpakata Mtoto Garini: Je, Mikono Inatosha?



Siku ya gulio, siku ya kliniki au siku ya msiba, vijana wengi hapa Magoma hupewa kazi ileile: "Wewe kaa huku nyuma, mpakate mdogo wako." Unaingia kwenye Noah, mnabanana wanne kwenye kiti cha watu watatu, mtoto anakaa mapajani, safari ya Korogwe inaanza. Umemshika kwa mikono miwili. Unaona umemlinda.

Je, ni kweli umemlinda? Hilo ndilo somo letu la leo. Ukimaliza kusoma utaweza kueleza kwa nini mapaja si kiti, kiti cha mtoto hufanya kazi gani, na ufanye nini kama kiti hicho huna.

Gari likisimama ghafla

Tuseme gari lina mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo ambao wengi wetu tunauita wa taratibu. Likigonga mti, gari linasimama. Lakini wewe na mtoto hamjasimama! Miili yenu bado inakwenda mbele kwa mwendo uleule, mpaka kitu kiizuie. Kitu hicho ni mkanda, au kiti cha mbele, au dashibodi, au kioo.

Wewe uliye kidato cha pili, toa daftari lako la Fizikia tupige hesabu. Kugonga kitu kwa kilomita 50 kwa saa ni sawa na kuanguka chini kutoka juu ya mnazi wa mita 10. Na kama mwili unasimamishwa ndani ya nusu mita, nguvu ya kumzuia mtoto wa kilo 10 ni sawa na uzito wa kilo 200. Hayo ni magunia mawili ya mahindi ya kilo mia mia. Nani anaweza kuyadaka magunia mawili yakimrukia ghafla? Si wewe, si mama, si hata kijana aliyezoea kubeba mizigo ya mkonge. Mikono itaachia. Si kwamba humpendi mtoto. Nguvu ya binadamu haifiki hapo.

Tena kuna jambo baya zaidi. Kama wewe mwenyewe hujafunga mkanda, mwili wako wote unatupwa mbele, na mtoto yuko katikati yako na kiti cha mbele. Yule uliyedhani unamkinga, unambana.

Sasa mwendo ukiwa kilomita 80 kwa saa, mnazi wetu unakuwa wa mita 25. Mwendo haujaongezeka hata mara mbili, lakini kishindo kimeongezeka mara mbili na nusu. Ndiyo maana kumwambia dereva "punguza mwendo" si woga, ni hesabu.

Wenzetu walijifunza nini?

Mkanda wa gari tunaoujua leo, unaopita begani na kiunoni, ulibuniwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo huko Sweden mwaka 1959. Ulipimwa kwa mwili wa mtu mzima. Miaka mitano baadaye, mwaka 1964, daktari Msweden aitwaye Bertil Aldman alitengeneza kiti cha mtoto kinachotazama nyuma ya gari. Wazo alilipata kwa wanaanga wa Marekani, ambao chombo kiliporuka walilala chali ili mgongo wote ubebe nguvu. Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa na shingo laini. Akitazama nyuma, kishindo hupokelewa na mgongo, kichwa na shingo kwa pamoja, badala ya shingo peke yake.

Huko Marekani, jimbo la Tennessee lilikuwa la kwanza kulazimisha viti vya watoto, mwaka 1978. Lakini sheria ile iliacha mwanya: mzazi aliruhusiwa kumpakata mtoto badala ya kumweka kwenye kiti. Wataalamu walipinga sana, na mwaka 1981 mwanya huo ukazibwa. Unaona? Hata huko watu walidhani mikono ya mama inatosha.

Shirika la Afya Duniani linasema kiti cha mtoto kikitumiwa vizuri hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za gari kwa asilimia 70 hivi.

Kiti hubadilika mtoto akikua

- *Tangu kuzaliwa hadi miaka 2 hivi, au zaidi kama kiti kinaruhusu:* kiti kinachotazama nyuma, kifungwe kwenye kiti cha nyuma cha gari. Kamwe kisiwekwe mbele penye mfuko wa hewa unaofanya kazi, kwa sababu ukifumuka unaweza kumwua mtoto.
- *Baada ya hapo hadi miaka 4 au zaidi:* kiti kinachotazama mbele, chenye mikanda yake ya mabegani na kiunoni.
- *Kisha mpaka afikie urefu wa sentimeta 135 hadi 150:* kiti cha kumwinua, ili mkanda wa gari umkae sawasawa.

Mkanda uliokaa sawasawa hupita katikati ya bega, si shingoni. Chini hupita kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Ukipita tumboni unaweza kupasua utumbo au bandama. Usitumie mto au furushi la kanga kumwinua mtoto: vitateleza.

Ukipata kiti cha mtumba, uliza kama kimewahi kuwa kwenye ajali. Kama kina ufa, mikanda imechanika au kifungio hakishiki, kiache.

Sisi wa Magoma tufanyeje?

Najua unachosema moyoni: "Kiti hicho nitakipata wapi? Na Noah ya kulipia nauli, nani atanifungia?" Ni swali la haki. Lakini hatari haingoji tupate uwezo. Mwezi Februari 2023, usiku, lori aina ya Fuso na Kosta iliyobeba waombolezaji waliokuwa wakisafirisha maiti kwenda Kilimanjaro viligongana pale Magila Gereza, hapahapa wilayani Korogwe. Idadi ya kwanza ya waliokufa iliyotangazwa ilikuwa 17. Barabara hiyo ndiyo tunayopita tukienda Segera au Mombo.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ilipotungwa haikutaja kiti cha mtoto. Kwa hiyo usimsubiri askari. Mlinzi wa kwanza ni wewe uliyepewa mtoto. Fanya haya:

1. Ukiweza, mlipie mtoto nafasi yake. Aliyeweza kukaa mwenyewe akae kwenye kiti, afungwe mkanda wake. Hata kama haumkai vizuri sana, ni afadhali kuliko mapajani.
2. Kaeni kiti cha nyuma. Mtoto asikae mbele karibu na dashibodi wala juu ya injini.
3. Tafuta mikanda. Mara nyingi imefichwa chini ya vitambaa vya viti. Noah ina mikanda ya watu 7 au 8. Wakipakiwa 12, mikanda imekaliwa.
4. Mkanda mmoja, mtu mmoja. Usimzungushie mtoto mkanda wako, maana uzito wako utamponda. Ikibidi kabisa kumpakata, jifunge wewe peke yako. Hiyo ni kupunguza hatari tu, usiite usalama.
5. Usimbebe mgongoni kwa mbeleko ukiwa garini. Ukiegemea, yeye ndiye mto wako.
6. Mtoto asisimame katikati ya viti, asitoe kichwa dirishani, asipandishwe juu ya magunia kwenye pikapu.
7. Mjomba akija na gari lake sikukuu, mwambie mapema alete kiti cha mtoto. Hapo ndipo familia nyingi zinaweza kuanza.

Na bodaboda je?

Baba, mama na watoto wawili kwenye pikipiki moja, ule "mshikaki" tunaouchekea, hauna mkanda wala kiti. Mtoto aliyekalishwa juu ya tangi ndiye wa kwanza kurushwa. Kanuni za nchi yetu zinakataza bodaboda kupakia mtoto wa chini ya miaka 9. Wewe kaka unayeendesha, una haki ya kukataa abiria huyo. Mtoto mkubwa naye avae kofia ngumu inayomtosha, ifungwe kidevuni.

Maneno ya mtaani

*"Ni hapa karibu tu."* Ajali haiulizi unakwenda wapi. Mnazi wa mita 10 ni uleule hata ukiwa njia ya shambani.

*"Dereva tunamjua."* Vizuri. Lakini je, dereva wa Fuso anayekuja mbele unamjua?

*"Mungu ndiye mlinzi."* Ndiyo, na mbuzi tunamfunga kamba.

*"Mtoto atalia akifungwa."* Atalia siku mbili tatu, kisha atazoea. Analia pia akichomwa chanjo, na bado tunampeleka.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Mnapanda Noah kwenda hospitali ya Magunga. Kondakta anasema, "Mtoto halipi, mpakate." Utamjibu nini bila kugombana?
2. Mama mkubwa anataka kumpandisha mtoto wa miaka 3 kwenye bodaboda. Utamwambiaje kwa heshima?
3. Hesabuni: katika safari yenu ya mwisho mlikuwa watu wangapi garini, na mikanda mingapi ilikuwa inafanya kazi?
4. Familia tano zikichanga, zinaweza kununua kiti kimoja cha kuazimana? Nani atakitunza?

Msomee mama au dada somo hili jioni ya leo, kabla ya siku ya gulio.