SOMO LA AFYA: CHAKULA NA KUTAFUTA MTOTO

Hapa kwetu Kaagya, mke na mume wakikaa miaka miwili bila mtoto, maneno huanza. Mke huitwa tasa. Huyu anamletea dawa za miti, yule anamkataza vyakula. Mwisho anarudishwa kwao. Kumbe mume hakupimwa hata siku moja! Je, chakula kina kazi gani katika jambo hili? Tusome.

1. Chakula husaidia nini?

Mwanamke akikonda sana, hedhi yake inaweza kukatika. Akinenepa kupita kiasi, yai lake huenda lisipevuke. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 tu, mara nyingine hedhi hurudi sawa.

Baba naye asijitoe. Mbegu za mwanamume huchukua karibu miezi 3 kukomaa. Akiacha leo sigara na ulevi wa rubisi na gongo, asitazamie faida wiki ijayo. Avumilie.

2. Tule nini?

Ndizi hutia nguvu, lakini peke yake hazitoshi. Sufuria ya ndizi itiwe maharage, dagaa na mboga za majani. Tutumie chumvi yenye madini joto. Zamani wanawake wa Buhaya walikatazwa kula senene. Senene hujenga mwili. Mama naye ale.

Anayetafuta mimba ameze pia vidonge vya asidi ya foliki, maikrogramu 400 kila siku. Humkinga mtoto na kilema cha uti wa mgongo. Sio dawa ya utasa.

3. Chakula hakiwezi nini?

Magonjwa ya zinaa yasipotibiwa huweza kuziba mirija ya uzazi. Hapo hakuna chakula wala mti wa kuizibua. Huenda ukahitajika upasuaji, au mimba kutungwa nje ya mwili na kurudishwa tumboni. Mtoto wa kwanza wa njia hiyo, Louise Brown, alizaliwa Uingereza mwaka 1978.

Mwaka 2018 wataalamu wa Ugiriki walieleza habari za wanawake 244 waliotibiwa kwa njia hiyo. Kati ya wale wenye umri chini ya miaka 35, waliokula zaidi mboga, matunda, kunde na samaki walipata mimba zaidi. Basi chakula ni msaidizi wa matibabu. Hakishiki nafasi ya daktari.

Na vidonge vya nguvu za mbegu? Marekani, mwaka 2020, yalitolewa matokeo ya majaribio ya wanandoa 2,370. Wanaume wengine walipewa vidonge vya zinki na foliki, wengine vidonge visivyo na dawa. Watoto waliozaliwa hawakuzidi. Kwa hiyo fikiri kabla ya kuuza kahawa yako ununue dawa za mnadani.

4. Tufanye nini?

Mwaka ukipita bila mimba, nendeni wote wawili kituo cha afya. Mke akifika miaka 35, msingoje zaidi ya miezi 6. Wakiwaandikia kwenda Hospitali ya Mkoa, Bukoba, nendeni pamoja. Karibu nusu ya nyumba zisizopata mtoto, tatizo liko pia kwa mume.

MASWALI
1. Kwa nini mume avumilie miezi 3?
2. Taja vitu vitatu vya kutia katika sufuria ya ndizi.
3. Jadilianeni: Je, ni haki kumrudisha mke kwao kabla mume hajapimwa?