NDEGE INAPOSHUKA UBAVU

Ndugu msomaji, umewahi kubeba bati siku ya upepo? Ukilielekeza ukingo kwenye upepo, unatembea vizuri. Ukiligeuza bapa, upepo unakurudisha nyuma. Leo tujifunze jinsi marubani wanavyotumia jambo hilo hilo wanapotaka kutua.

Kwa kawaida ndege hutanguliza pua ili ipasue hewa kwa urahisi. Sasa, ikikaribia kiwanja ikiwa bado juu mno, rubani afanyeje? Akiinamisha pua tu, ndege itashuka, lakini mwendo utazidi, kama baiskeli kwenye mteremko. Kiwanja kitaisha haijasimama.

Basi iko njia nyingine. Rubani analaza bawa moja chini. Papo hapo, kwa mguu, anageuza usukani wa mkiani kuelekea upande wa pili. Pua inatazama pembeni, lakini ndege inaendelea kuelekea kiwanjani. Hewa inaupiga ubavu wake kama upepo unavyopiga bati. Ndege inashuka haraka bila kuzidi mwendo.

Njia hii ina hatari. Hewa ikiingia kwa ubavu, kipimo cha mwendo huweza kudanganya. Mwendo ukipungua mno, mabawa hayabebi tena, na ndege huweza kuanguka huku ikizunguka. Tena rubani lazima ainyoshe kabla magurudumu hayajagusa ardhi.

Tutoe mfano wa kweli. Tarehe 23 Julai 1983, huko Kanada, ndege kubwa aina ya Boeing 767 iliishiwa mafuta angani. Ndani mlikuwa na watu 69. Injini zote mbili zikazimika. Kisa ni nini? Mafuta yalihesabiwa kwa pauni badala ya kilo, kumbe hayakufika hata nusu ya yaliyotakiwa!

Rubani Robert Pearson na mwenzake Maurice Quintal wakaelekea Gimli, kwenye kiwanja cha zamani cha jeshi. Wakakikaribia wakiwa juu mno. Mitambo ya mabawani ya kusaidia kupunguza mwendo haikufanya kazi, maana ilitegemea injini. Kuzunguka tena haikuwezekana. Lakini Pearson alikuwa na uzoefu wa kurusha ndege ndogo zisizo na injini. Akailaza ile ndege kubwa ubavu, ikashuka, akainyosha karibu na ardhi, ikatua. Gurudumu la mbele lilikunjika na pua ikasugua chini, lakini hakuna aliyekufa.

Tunajifunza mambo mawili. Hesabu ndogo ya kilo na pauni nusura iue watu 69. Na ujuzi alioupata rubani kwenye ndege ndogo ndio uliowaokoa. Basi tusidharau hesabu, wala ujuzi mdogo.

MASWALI
1. Kwa nini kuinamisha pua tu hakutoshi?
2. Rubani afanye nini kabla magurudumu hayajagusa ardhi?
3. Kilo 1 ni karibu pauni 2.2. Gunia la kilo 90 ni pauni ngapi?